Kivuli cha mibuni ya Mbozi nacho kihesabiwe

Mwandishi, makala yako kuhusu fidia ya hewa ukaa imegusa penyewe. Ila fidia hiyo isiishie kwa kampuni ya Ulaya kununua vyeti vya msitu wa mbali. Huku kwetu Songwe, mkulima wa Mbozi anayepanda migrivea na migomba kati ya mibuni tayari anahifadhi kaboni shambani mwake. Alipwe yeye, kupitia chama chake cha ushirika wa mazao (AMCOS)! Njia ya malipo ipo tayari: Agosti 2023 Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki, uliweka bei ya chini ya kahawa ya arabika iliyooshwa kuwa dola 1.80 kwa ratili, pamoja na senti 20 za nyongeza kwa ushirika. Nyongeza hiyo ianzie kwenye mitambo ya kumenya kahawa: maji yake machafu yakiachwa yaoze kwenye mashimo hutoa methani, yakifika mtoni huua samaki. Wanunuzi wachangie hapo kwanza.