Kadi ya mchango mkononi mwa mtoto



Jumamosi iliyopita, hapa Lucky Summer, mtoto aliyevaa sare ya shule alibisha hodi kwangu na kadi ya mchango. Nikamwuliza, "Mwanangu, ni wa nini?" Akajibu, "Wa mayatima." "Wa wapi?" Akainamisha kichwa. Alilojua ni kwamba asipopata shilingi mia mbili atasimamishwa mbele ya wenziwe.

Nilitoa. Nakiri kuwa nilimhurumia yeye, wala sikuwafikiria mayatima. Na huruma ya namna hiyo ndiyo mlango wa ubadhirifu.

Harambee imejenga madarasa mengi nchini, hatuikani. Lakini kadi huandika jina la mtoaji na kiasi alichotoa, kisha hunyamaza. Fedha zilikokwenda haisemi. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, iliyomkataza afisa kutumia cheo chake kushinikiza watu wachange. Nasi Waislamu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara yatuagiza kuandika deni na kuweka mashahidi. Itakuwaje basi mali ya yatima ipite bila hesabu?

Tusimfokee mtoto, yeye ametumwa. Twende kwa mwalimu, kwa adabu, tumwulize: nani mpokeaji, nani mtunzaji, na hesabu itasomwa lini mbele ya wazazi? Mwenye amana hachukii kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.