Msimwite Jasiri, Mpelekeeni Muuguzi

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi mara nyingi hutolewa mkojo kwa mpira, mara nne au tano kwa siku, kila siku, pengine maisha yake yote. Mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu iliharibika angali tumboni. Mkojo ukibaki huleta maambukizi, maambukizi hupanda hadi kwenye figo, na figo zikifa ule upasuaji wa mgongo umekwenda bure. Kuutoa mkojo huo ni kazi ya muuguzi. Sisi tumemtwika mama. Tunamwelekeza asubuhi ya kuruhusiwa wodini, macho yamemvimba kwa kukesha, kisha tunamfungulia geti.

Wengi wa watoto hawa wana kichwa kikubwa pia. Madaktari wa hospitali za MOI, Bugando au KCMC hupitisha mpira chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yanayojaa kwenye ubongo yapate njia. Nauheshimu sana ustadi wao. Lakini mpira huo huziba. Unaweza kuziba mwezi wa pili, unaweza kuziba mwaka wa tatu. Mtoto atatapika, atasinzia, utosi ambao haujafunga utatuna, macho yatalemea chini. Mama wa Tunduru anayaona hayo saa nane za usiku. Jirani anasema malaria, bibi anasema degedege, na mpasuaji yuko Dar es Salaam. Nani wa kumwambia asisubiri kuche? Kila saa inayopita inaweza kuondoka na macho ya mtoto, au na mtoto mwenyewe.

Halafu tunamsifu! Tunampandisha jukwaani, tunamtunza khanga, tunamwita mama jasiri, shujaa. Sifa hazina gharama, ndiyo maana tunazimwaga. Genge lake la nyanya limekufa kwa sababu hana wa kumwachia mtoto hata kwa saa mbili. Baba, mara nyingi mno, keshaondoka. Shujaa huyu anahitaji mtu wa kubisha hodi akiwa na mkoba wa mipira safi ya mkojo, anayejua kupima mzunguko wa kichwa na kukagua vidonda vya kulala.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Ni hatua njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mhudumu huyo si muuguzi, tusimsingizie uuguzi. Yeye ni jicho la mtaa. Nyuma yake lazima awepo muuguzi wa halmashauri mwenye pikipiki, mafuta na simu inayopokelewa usiku.

Wala msiniambie watu hakuna. Wauguzi waliohitimu wako mitaani, vyeti vimefungiwa kabatini. Wala msiniambie fedha hakuna. Figo zikifeli, mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Linganisheni hilo na mafuta ya pikipiki.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Mbunge atakayesimama kuchangia hotuba ya Wizara ya Afya amuulize Waziri: kwenye halmashauri yangu, ni muuguzi gani anayeingia kwenye nyumba za watoto hawa, na mshahara wake umeandikwa kifungu gani?