Siku Moja Juu ya Mlima Longonot

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Nakuru kwenda Nairobi, akiisha kupita Naivasha huuona mlima Longonot mkono wake wa kuume. Wengi huutazama dirishani, wakaendelea na mazungumzo yao. Urefu wake ni futi 9,108, nao haukuchongoka juu kama Kirinyaga, bali umetoboka shimo kubwa, maana zamani ulikuwa ukitoa moto. Jina lake latokana na neno la Wamasai lenye maana ya mlima wa migongo mingi, na aliyeupanda hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwezi wa Agosti, wakati wa likizo, watu wanne wa Nakuru walikata shauri kuupanda. Mmoja alikuwa mwalimu, wa pili karani wa ofisi, wa tatu mkulima wa pareto kutoka Molo, na wa nne mwanawe mkulima huyo, kijana wa darasa la nane. Walipiga hema chini ya mlima jioni, wakapika ugali na maharagwe, wakalala wakisikia fisi. Baridi ilikuwa kali hata karani akavaa soksi mikononi.

Asubuhi palitokea mzaha. Kila mtu alichukua chupa moja ya maji, lakini mkulima alijifunga mgongoni mtungi wa lita 10. Mwalimu akacheka, akasema, “Mzee, tunapanda mlima, hatuendi kunywesha ng'ombe.” Mkulima hakujibu. Yafaa ijulikane kwamba huko juu hakuna chemchemi wala kijito. Mvua inyeshayo hunyonywa mara moja na majivu ya kale. Jambo hilo askari wa wanyamapori huwaambia watu langoni, nao huitikia kwa vichwa wakiwaza mengine.

Walianza kupanda yapata saa kumi na mbili na nusu. Mwanzoni njia ni pole, katikati ya vichaka vya leleshwa, na kwa mbali waliona punda milia na twiga. Baadaye huinuka ghafula. Udongo wake ni vumbi jepesi, na mvua zimechimba mifereji mirefu, basi mguu huteleza nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili. Mwalimu alikuwa mbele daima. Karani alikuwa amevaa viatu vya ofisini, na habari za viatu hivyo ni afadhali zisielezwe.

Walipofika ukingoni wote wakanyamaza. Chini yao palikuwa na shimo pana kama mji, kuta zake zimesimama wima, na sakafuni msitu wa miti mibichi ambao kutoka juu huonekana kama nyasi. Mvuke ulikuwa ukitoka ukutani mahali mahali. Joseph Thomson, Mskoti yule aliyepita nchi ya Wamasai mwaka 1883, aliandika kwamba alipotazama humo alishikwa na hamu ya ajabu ya kujitupa ndani. Kijana wa Molo yeye alitupa jiwe, akangoja alisikie likianguka, hakusikia kitu.

Kuuzunguka ukingo wote ni mwendo wa maili nne na nusu, na kilele kiko upande wa magharibi. Walikifikia jua likiwa kali. Ziwa Naivasha lilikuwa liking'aa chini yao, na kusini mlima Suswa. Hapo ndipo mwalimu alipoketi, na alipotaka kuinuka miguu ikakataa. Misuli ya mapaja ilikuwa imekazana kama kamba, midomo imepauka, na chupa yake ilikuwa tupu tangu ukingoni. Karani naye hakuwa na tone. Mkulima akafungua mtungi, akampa mwalimu maji kidogo kidogo pamoja na chumvi aliyoifunga katika karatasi, akamkanda miguu kama amkandavyo ndama.

Wakati huo mawingu meusi yalikuwa yakija kutoka Kinangop, na ngurumo ikasikika. Kijana akasihi wamalize mzunguko. “Baba, sehemu ngumu imekwisha, turudije nyuma?” Mwalimu mwenyewe, kwa aibu, akasema anaweza. Mkulima akatazama ukingo ule mwembamba, kisha miguu ya mwalimu, akasema, “Mwalimu, njia tuliyokuja naijua, ile nyingine siijui. Mlima hautahama.” Wakarudi. Alikuwa na haki, kwa kuwa mtu akiteleza mahali pale hapana mti wa kushika, na radi humtafuta aliye juu kuliko wote.

Mvua iliwakuta karibu na chini, mifereji ikageuka matope, na kijana alinung'unika mpaka langoni. Walifika hemani saa kumi jioni. Mwalimu hakusema neno hata chai ilipokuwa tayari. Ndipo alipouchukua ule mtungi, ambao ulikuwa na maji kama lita mbili, akamimina katika karai, akamwekea mkulima miguuni apate kunawa.

Mkulima akanawa. Kisha akamwuliza karani kama viatu vyake vitafaa tena ofisini Jumatatu.