Karatasi ya daino bila gia ni porojo

Wasee, ile karatasi ya daino uliyopost jana ukijigamba nguvu farasi 300, ilipimwa kwa gia gani? Hujui. Fundi naye hajaandika. Halafu mnataka tuwapigie makofi.

Nawaona. Gari inapandishwa kwa rola, fundi anaweka gia ya pili "ndiyo salama", kelele sekunde chache, simu zote hewani zinarekodi, kwisha. Nikiuliza naambiwa, "Wewe uliacha chuo, utatufundisha injini?" Niliacha chuo, ndiyo. Hesabu ya gia sikuiacha huko.

Sikizeni. Gia haiongezi nguvu. Gia ndogo inalipa gurudumu msukumo mwingi na mwendo kidogo, gia kubwa kinyume chake. Zidisha hizo mbili, unapata nguvu ile ile, toa kinachopotea njiani. Yule buda wa "toki 900" alipima msukumo wa magurudumu, mashine haikuambiwa uwiano wa gia, akadhani ni injini. Maze, hiyo si injini, ni kuzidisha!

Gia ya kupimia ni ile iliyo karibu zaidi na 1:1. Subaru za manyuali za gia tano, ni ya nne. Otomatiki nyingi za gia nne, ni ya tatu. Mark X ya gia sita, ya nne. Na otomatiki hakikisha imefungwa hapo hapo, juu ukiiacha D na ukanyage hadi chini, itashuka gia katikati ya kipimo na grafu iwe takataka.

Watetezi wa gia ya pili wana hoja moja ya maana, nawapa: mwendo. Forester kwa gia ya nne ikifika mizunguko 6,500, tairi zinazunguka karibu kilomita 180 kwa saa. Ile tairi ya mtumba iliyokauka inaweza kupasukia hapo. Sawa, basi soma herufi kwa ubavu wa tairi kabla: S ni 180, T ni 190, H ni 210. Tairi ikiwa mbovu badilisha tairi, usibadilishe gia.

Lakini hata siyo grafu inanikasirisha. Binamu yangu alipeleka Forester yake ya turbo kutuniwa gereji moja huku Westlands. Gia ya pili tu, mwanzo hadi mwisho. Kwa rola isiyo na breki, gia ya pili inamaliza kipimo kwa karibu robo ya muda wa gia ya nne. Turbo haijajaza vizuri, joto halijapanda, injini haijapata muda wa kugonga. Kwa kompyuta kila kitu kikaonekana safi. Fundi akawahisha cheche zaidi, akachukua pesa yake.

Wiki mbili baadaye jamaa yuko Waiyaki Way, ametoka Kangemi anapanda kuelekea Uthiru, gia ya nne, mguu chini. Akasikia kama kokoto zinatikiswa kwa mkebe. Halafu moshi wa samawati. Kufungua injini, pistoni imevunjika pale ringi hukaa. Aliporudi kwa fundi akaonyeshwa karatasi: "Hapa ilikuwa poa." Kweli ilikuwa poa, kwa gia ambayo hakuna mtu hupanda nayo hiyo barabara akiwa na haraka. Deni la sacco bado analipa, gari iko juu ya mawe.

(Na kuna wale wanaongeza asilimia za "hewa nyepesi ya Nairobi" hata kwa gari ya turbo, na turbo tayari inajisukumia hewa yake. Hiyo nitawashukia wiki ijayo.)

Kama daino ina breki, fundi anaweza kuishikilia injini na kurefusha kipimo, hapo hata ya tatu tutajadiliana. Mwambie akuandikie gia na uwiano kwa karatasi kabla hujalipa. Akikataa, shusha gari.