Ghorofa Nzuri ni Iliyosimama

Mimi mtu wa Pwani nimelelewa na kuta za matumbawe na milango ya nakshi. Maghorofa makuukuu ya Githurai 45 niliyadharau, hata nilipopanda ngazi. Kumbe ngazi ndiyo baraza yao: kina mama huchambua mboga, watoto hudurusu. Roshani zimepangana kama mishororo, nguo zikipepea.

Michenzani ya Unguja, iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, twaisifu, Githurai je? Istahili sifa, lakini sifa hazishiki zege. Mwaka 2016, ghorofa la Huruma, Nairobi, liliporomoka, likaua watu wapatao 50. Kaunti ya Kiambu na iyakague haya mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.