Ubia wa TAZARA: Mbozi na Tunduma zisibaki kupunga mkono

Wafanyabiashara wa ukanda huu wamezoea kuona mikataba mikubwa ikipita mbele ya macho yao. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipita mwaka 1968, likitoka Dar es Salaam kwenda Ndola, umbali wa kilometa 1,710. Reli ikafuata, njia yake ilifika mpakani mwaka 1973 na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. Sasa umekuja mkataba mwingine, na kwa kizazi chetu hiki huo ndio mkubwa kuliko yote. Tarehe 29 Septemba 2025, mjini Lusaka, serikali hizo mbili na kampuni ya CCECC ya China zilitia saini makubaliano ya kuikabidhi TAZARA kwa kampuni hiyo kwa muda wa miaka 30. Fedha zilizotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.4. Kati ya hizo, takriban bilioni 1.1 ni za kukarabati njia, na zilizobaki kwa sehemu kubwa ni za kununua injini 32 na mabehewa 762.

Hapana shaka kwamba habari hizi ni njema kwa bandari ya Dar es Salaam na kwa wenye migodi ya shaba. Lakini safu hii haiandikiwi wenye migodi. Swali letu ni je, mtu mwenye duka la pembejeo Mlowo, mwenye mashine ya kukoboa mahindi Vwawa, mkulima wa kahawa wa Ruanda (Ruanda yetu ya Wilaya ya Mbozi, si ile ya Kigali) na mwenye gesti ya vyumba kumi Tunduma, hao wataambulia nini?

Tuanze na bomba, kwa sababu ndilo somo lililo wazi zaidi. Tangu mwaka 2023 bomba la TAZAMA limekuwa likisafirisha dizeli badala ya mafuta ghafi. Dizeli hiyo ni ya Zambia. Inapita chini ya ardhi yetu usiku na mchana, na vituo vya mafuta vya Mbozi huendelea kusubiri malori ya matangi yatoke Dar kwa barabara. Simlaumu mtu, kwani bomba lilijengwa kwa kazi hiyo, wakati Zambia ilipofungiwa njia ya kusini na utawala wa walowezi wa Rhodesia. Ninachosema ni kwamba mradi wa ubia hufanya kile ulichoandikiwa kufanya. Kama hakuna aliyeandika kuwa patakuwa na bilula njiani, bilula haitaota yenyewe.

Reli nayo ilikuwa na ahadi kubwa kuliko matendo yake. Ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, na uwezo wake ulikadiriwa kuwa tani milioni 2 kwa mwaka. Kiwango hicho haikuwahi kukifikia. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 ilisafirisha tani zisizofika 90,000. Mzigo haukupungua nchini, ulihamia barabarani. Na hapo ndipo mji wa Tunduma, kama tunavyoujua, ulipopata utajiri wake.

Tuseme ukweli ambao wakubwa hawapendi kuusema hadharani: Tunduma imeneemeka kwa foleni. Lori likisubiri siku mbili, dereva na utingo wake wanakula, wanalala, wananunua vocha, wanabadilisha kwacha, wanatengenezesha pancha. Maegesho yanalipiwa. Wakala wa forodha anapata kazi. Fundi wa umeme wa magari anapata kazi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichojengwa kwa msaada wa wahisani kupitia TradeMark na kuzinduliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, kilikuja kupunguza usumbufu huo. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na gari linakaguliwa mara moja katika nchi linakoingia. Kwa uchumi wa taifa hiyo ni faida tupu, kwani kila saa ya lori kusimama ni gharama inayoishia kwenye bei ya bidhaa. Kwa mwenye gesti ni mteja aliyeondoka mapema.

Sasa fikiria reli ikifufuka kweli. Chukua ule uwezo wake wa awali wa tani milioni 2. Lori moja la masafa marefu hubeba takriban tani 30. Gawanya: ni safari za lori karibu 67,000 kwa mwaka, au zaidi ya 180 kwa siku, ambazo hazitahitaji kulala Tunduma. Sisemi hilo litatokea mwakani. Njia inahitaji ukarabati kwanza, na miaka mitatu ya mwanzo imetengwa kwa kazi hiyo. Isitoshe, mizigo ya Kongo na Zambia imekua sana kuliko enzi za Mwalimu na Kaunda, kwa hiyo malori hayatakwisha. Lakini mtu anayekopa benki leo kujenga gesti nyingine kando ya barabara kuu, akitegemea kulipa deni kwa miaka kumi, anapaswa kuifanya hesabu hii kabla ya kuweka hati ya nyumba rehani.

Upande wa pili upo mshindani. Ushoroba wa Lobito, unaotoka Kongo hadi bahari ya Atlantiki kupitia Angola, umekabidhiwa kwa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30, na Marekani imeukopesha dola milioni 553. Lobito ikifanikiwa kuvuta shaba, Tunduma itapoteza barabarani na relini kwa pamoja. Kwa hiyo wale wanaoombea TAZARA ishindwe ili malori yabaki (nao wapo, na nimewasikia) wanaomba vibaya. Mzigo usipopita Tunduma kwa treni unaweza usipite Tunduma kabisa.

Ni dhahiri basi kuwa hatuwezi kuitetea foleni. Tunachoweza kudai ni kwamba treni isimame.

Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 una mzigo wake wenyewe. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza nchini kwa kahawa ya arabika. Mahindi ndiyo usiseme: mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikubaliana kuiuzia tani 650,000. Kwa hesabu ileile ya tani 30, huo ni mzigo wa malori zaidi ya 21,000. Reli inapita Vwawa na Tunduma, katikati ya eneo linalolima mahindi hayo, na inavuka moja kwa moja hadi New Kapiri Mposhi. Lakini treni ya mizigo haisimami kuchukua magunia mia mbili ya mtu. Inahitaji ghala la kukusanyia, njia ya pembeni ya kupakilia mabehewa, mizani, na ratiba ambayo mfanyabiashara anaweza kuitegemea. Vitu hivyo si ghali ukilinganisha na dola bilioni 1.4. Visipowekwa sasa, wakati njia inafumuliwa na mitambo iko hapahapa, kuviweka baadaye kutakuwa ombi la msaada, na jibu tunalijua.

Na barabara za kutoka mashambani ndizo zitakazoamua nani anafaidi. Gunia la mahindi au la kahawa linalotoka Ruanda masika likalala njiani siku mbili limekwisha kula faida yake kabla halijaiona reli. Wanaotoa fedha kwa shoroba kubwa hupenda kilometa ndefu zilizonyooka. Ni nadra wajitolee kwa kilometa nane za udongo mwekundu kutoka kijijini.

Hapa ndipo mwekezaji mdogo anapoingia, na ningependa wasomaji wanivumilie kidogo. Tumezoea kudhani miundombinu ni kazi ya serikali na Wachina, na sisi kazi yetu ni kulalamika. Mambo yamebadilika. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wanunuzi walizidi kiasi kilichotakiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya miundombinu kwa ajili ya makandarasi wa barabara za TARURA, ikitafuta shilingi bilioni 150. Ikapata bilioni 323. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 500,000 na riba asilimia 12. Maana yake aliyeweka kiwango hicho cha chini anapata shilingi 60,000 kwa mwaka, zinazolipwa kwa awamu nne za 15,000. Si utajiri, lakini hazihitaji kuamka usiku kufungulia mgeni mlango.

Kasoro yake, kwa mtu wa Songwe, ni kwamba fedha hizo zinakwenda kwa kandarasi za nchi nzima. Mfanyabiashara wa Tunduma aliyenunua hawezi kujua kama shilingi yake ilijenga daraja Mbozi au Mtwara. Tanga walifanya vizuri zaidi kwa jambo moja: anayenunua anajua bomba liko wapi na nani analipia maji.

Kwa nini basi Halmashauri ya Mji wa Tunduma na ile ya Wilaya ya Mbozi zisiungane na kutoa hatifungani yao kwa ajili ya maghala na sehemu ya kupakilia mizigo? Najua pingamizi. Hesabu za halmashauri nyingi haziaminiki sokoni, na idhini za Hazina na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hazipatikani kwa barua moja. Pingamizi zito zaidi ni hili: baadhi watapendekeza deni lilipwe kwa ushuru wa maegesho ya malori. Hilo lisikubaliwe. Mapato hayo ndiyo yatakayotikiswa kwanza reli ikifufuka, na mwenye hatifungani atakuwa amenunua kivuli cha lori. Deni lilipwe kwa kodi ya ghala na ada ya kupakia, zikiwekwa kwenye akaunti ya pekee ambayo mkurugenzi hawezi kuichota kulipia safari. Bila sharti hilo, mimi mwenyewe nisingenunua hata kipande kimoja.

Lipo pia suala la karatasi ambalo halihitaji senti. Mfanyabiashara mdogo wa Namanga au Mutukula anaweza kuvusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Zambia haimo katika Jumuiya hiyo. Nayo COMESA ina utaratibu wake rahisi kwa wadogo, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Matokeo yake mama mwenye mafurushi manne ya dagaa au mchele pale Tunduma yuko chini ya taratibu za SADC, zilizoandikwa kwa watu wenye makontena, ndiyo maana wengi wao wanapita njia za panya. Nchi mbili zinazoweza kukubaliana juu ya reli ya kilometa 1,860 kwa miaka 30 haziwezi kushindwa kukubaliana juu ya fomu ya ukurasa mmoja.

Na makubaliano ya majirani hayana kinga. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vizuizi vya nchi hizo kwa mazao yetu. Zuio lilidumu siku chache tu, lakini ndizi na nyanya haziwezi kusubiri mawaziri wapatane.

Madiwani wa Mbozi na Tunduma waombe sehemu ya mkataba wa CCECC inayohusu stesheni, waisome kabla fundi wa kwanza hajafika Vwawa, na watuambie kama njia za pembeni zimo au hazimo. Wakati tunasubiri jibu, ushauri wangu kwa mwenye akiba ndogo ni aahirishe gesti. Na mwenye kiwanja karibu na stesheni ya Vwawa, hata kama anadaiwa ada za shule, asikiuze kwa bei ya shamba.