Utafiti wa Kweli Haumtozi Mgonjwa

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu kunachangwa fedha za mpwa wangu, kijana wa miaka 22 aliyeko chuoni, ili apelekwe nje ya nchi akachomwe sindano za seli shina machoni. Tangazo lililoletwa kundini linasema ni majaribio ya kitabibu. Chini yake kuna bei, ambayo kwa hapa Tanga inanunua kiwanja kizuri, na nauli bado. Mimi ni mjomba wake na ugonjwa alio nao ninao. Nimekataa kuchanga. Wapo walioniona mchoyo, na kwa kuwa najua ukoo wetu si peke yake unaopitisha kapu la namna hii, naona bora niseme sababu zangu hadharani.

Ugonjwa wetu unaitwa retinitisi pigmentosa, nao humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000 duniani. Retina ni utando mwembamba nyuma ya jicho, wenye seli zinazopokea mwanga. Zile zinazotusaidia kuona gizani ndizo hufa kwanza, ndiyo maana mtoto huanza kujikwaa magharibi wakati wenzake bado wanakimbizana uwanjani. Miaka inavyokwenda, uoni hujifunga kutokea pembeni kuja katikati. Utotoni nililishwa maini na mchicha kwa wingi, kwa kuwa upofu wa usiku kwa watoto wetu mara nyingi huletwa na upungufu wa vitamini A. Haikusaidia. Baada ya hapo ikasemwa ni mkono wa mtu, na majirani wasio na hatia wakatazamwa vibaya.

Chanzo kimo ndani ya ukoo. Wazazi wangu ni binamu, na dada yangu naye akaolewa na binamu. Mtu mwenye nakala moja mbovu ya jeni yetu huona vizuri mpaka uzeeni. Wakioana wawili walioibeba, kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa na ugonjwa. Nilikuwa mwalimu wa biolojia sekondari. Hesabu hiyo nimeichora ubaoni mara nyingi kwa njegere za Mendel, nikijua fika kwamba naandika habari za nyumbani kwetu.

Sasa, seli shina si porojo, na sitaki mtu adhani naidharau sayansi hii. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa katika hali ya uchanga, ikawa seli shina, iliyo tayari kugeuka seli ya aina yoyote ya mwili. Mwaka 2007 akafanikiwa kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Kwa watu kama mimi jambo hilo lina uzito wa pekee. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, Luxturna, hurekebisha jeni moja tu, RPE65, na inahitaji mgonjwa awe bado na seli hai za kutosha. Ilipoingia sokoni iliuzwa dola 850,000 kwa macho mawili. Jeni zinazoweza kuleta ugonjwa wetu zinapita 50, na wengi wetu hatujui ni ipi. Seli mpya, siku zitakapofanya kazi, zinaweza kumfaa hata yule ambaye zake zilikwisha kufa, jeni yake iwe hii au ile.

Ila tazama wenye sayansi yao wanavyokwenda nayo. Septemba 2014, mjini Kobe, kikundi cha Dkt. Masayo Takahashi kilichukua seli za ngozi za mwanamke wa miaka ya sabini aliyekuwa na ugonjwa wa retina unaokuja na uzee, kikazigeuza kuwa tabaka linalolisha seli za mwanga, kikalipandikiza katika jicho moja. Baada ya mwaka mmoja tabaka lilikuwa hai, na uoni wake haukupanda wala kushuka. Mgonjwa wa pili alikuwa anasubiri. Seli zake zilipochunguzwa zikakutwa na mabadiliko ya kijenetiki, na upasuaji ukasitishwa. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mabadiliko hayo yangemdhuru. Shaka ilitosha. Mwaka 2020, Kobe hukohuko, ndipo mgonjwa wa retinitisi pigmentosa akapandikizwa tabaka changa la seli zinazopokea mwanga, na swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa la usalama. Miaka sita ilipita kati ya hatua hizo mbili, kwa watu wenye maabara bora kuliko nyingi duniani.

Mwaka uliofuata upasuaji ule wa kwanza wa Kobe, Juni 2015, wanawake watatu wa miaka 72 hadi 88 waliingia kliniki moja jimbo la Florida. Nao walikuwa na ugonjwa wa retina wa uzeeni. Walilipa dola 5,000. Walinyonywa mafuta tumboni, kikatolewa humo kile kilichoitwa seli shina, wakachomwa nacho macho yote mawili siku hiyohiyo. Angalau mmoja wao aliamini anashiriki katika utafiti, kwa kuwa kliniki ilikuwa imejiorodhesha kwenye tovuti ya serikali ya Marekani ya majaribio ya tiba. Retina zao zikabanduka, macho yakavuja damu. Madaktari waliowapokea waliandika habari zao mwaka 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine: kabla ya sindano walikuwa na uoni wa kuwafaa, mwaka mmoja baadaye walikuwa vipofu au karibu na upofu. Haya yalitokea Marekani, nchi yenye sheria kali na mahakama. Mpwa wangu akiharibikiwa ugenini, mimi nitamshtaki nani, na kwa nauli ipi?

Dada yangu alinipigia akilia. “Kaka, si anakwenda upofuni hata hivyo? Ana nini cha kupoteza?” Nilimjibu kwa hali yangu mwenyewe. Uoni niliobakiwa nao ni mdogo kama tundu la ufunguo. Nikitembea nategemea fimbo nyeupe, na makala haya nimeyaandika kwa simu inayonisomea kila herufi. Lakini mke wangu akikaa mbele yangu mchana namwona uso. Najua amekasirika kabla hajasema. Kijana wetu ana zaidi ya hapo: anasoma maandishi ya kawaida, anavuka barabara mchana peke yake, anamtambua mtu akiwa mlangoni. Ugonjwa huu huenda polepole, na kwa wengi uoni wa katikati hubaki miaka mingi. Huo ndio utakaowekwa chini ya sindano, tena macho mawili kwa pamoja.

Kuna na wale wanaouza poda za “stem cell” za paketi, eti zimetokana na matufaha, kwenye semina za hotelini. Seli ya tunda ukiimeza inasagwa tumboni kama tunda. Inaumiza kuona mama muuza vitumbua akikopa kwenye kikundi cha akiba na mikopo cha VICOBA kununua poda hiyo ili mwanawe aone.

Hadi ninapoandika, hakuna tiba ya seli shina kwa magonjwa ya kurithi ya retina iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani. Kinachotolewa sasa kinapaswa kutolewa ndani ya utafiti, na kanuni ya kumlinda mgonjwa ni nyepesi kukumbuka: utafiti wa kweli haumtozi anayefanyiwa. Una kibali cha kamati ya maadili, ambacho kwa Tanzania hupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kwa kawaida huanza na jicho moja, lile bovu zaidi. Humfuata mgonjwa kwa miaka, na humweleza wazi kwamba huenda asipate nafuu yoyote. Tangazo la mpwa wangu limeahidi ataona vizuri ndani ya miezi michache, na halikutaja hata mara moja jina la jeni.

Fedha zilizokwisha kupatikana nimependekeza zilipie kipimo cha jeni, chake na cha dada zake wawili ambao bado hawajaolewa, kisha kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, na mwalimu wa kumfundisha nukta nundu na fimbo wakati bado anaona. Jeni ikijulikana, jina lake linaweza kuingia kwenye orodha za watafiti wanaotafuta wagonjwa, nao ndio watakaomgharimia. Kwa hilo nachanga, na nitaanza mimi.

Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nayo iende kwenye hizo semina za hotelini, ikakague kinachouzwa humo.